Mbwa na paka mnaotaka kuwapeleka shelta: majibu ya maswali yenu

Meseji nyingi safari hii ni za wanyama na shelta, yaani makao ya wanyama wasio na mwenyewe, haya twende.

Nahama, landlodi mpya hataki mbwa. KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama pale Karen, Nairobi, watamchukua?
Hao wako kwenye hii kazi tangu 1910, waulize, ila usitokee tu getini na mbwa kwa kamba. Piga simu kwanza, shelta yoyote vizimba vina idadi yake na vikijaa vimejaa. Beba kadi ya chanjo. Na kama anang'ata sema anang'ata, watu huficha hapo halafu mbwa anapewa familia yenye watoto.

Mbona naombwa pesa na mimi ndo natoa mnyama?
Kwa sababu bili inabaki kwao: chakula, chanjo, dawa ya minyoo, kumfunga kizazi. Toa unachoweza.

Eti wakikaa sana wanadungwa sindano wafe?
Inategemea na shelta. Kuna zinazopokea kila anayeletwa, sasa nafasi ikiisha wengine wanadungwa hiyo sindano, hasa wagonjwa sana na wakali. Kuna zisizoua, lakini hizo nazo zinakukatalia mlangoni ama unawekwa kwenye foleni, na hata Marekani shelta ikijiita isiyoua kipimo chao cha kawaida ni wanyama 90 kati ya 100 watoke hai, sio wote. Watu wanawatukana wale wa kwanza na kuwasifu hawa, mi naona si haki, kwani aliyekataliwa getini anaenda wapi? We uliza wazi kabla ya kusaini, ukishasaini mnyama si wako tena.

Paka wa nje kazaa chini ya tangi letu, niwapeleke watoto leo?
Usiwaguse kwanza mamangu! Waache wanyonye mpaka wiki nane hivi, bila mama yao ni chupa kila baada ya masaa machache, usiku na mchana, na shelta nyingi hazina watu wa hiyo kazi. Wakiacha ziwa mpeleke mama akafungwe kizazi haraka, mimba ya paka ni kama siku 63 tu na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha.

Si nimwachie tu mbwa wangu sokoni, mabaki yapo?
Hapana bro. Kumtelekeza mnyama ni kosa kwa sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Cap 360, na mbwa asiye na chanjo mtaani ndo njia ya kichaa cha mbwa kufika kwa watoto wa watu. Ongea na daktari anayemchanja, mara nyingi anajua mtu anayetafuta mbwa wa kulinda boma.