Jifunze Kulisoma Jedwali la Elementi Kabla ya Kulikariri

Mitihani ya kidato cha pili na cha nne inapokaribia, wanafunzi ninaowasaidia katika somo la kemia huniletea ombi ambalo nimeshalizoea: niwape wimbo au sentensi itakayowawezesha kukariri elementi 20 za mwanzo. Siwanyimi, kwa kuwa majina na alama lazima yakaririwe. Hakuna hesabu itakayomwonyesha mtu kwamba alama ya sodiamu ni Na na ya potasiamu ni K. Hata hivyo nimewaona wanafunzi wakiitaja orodha nzima bila kukosea, kisha wakashindwa kueleza kwa nini atomi moja ya magnesiamu huungana na atomi mbili za klorini ilhali sodiamu huungana na moja tu. Jibu la swali hilo limo katika jedwali lenyewe, mbele ya macho yao, ila hakuna aliyewaonyesha pa kutazama. Ndiyo maana ninashauri mtu aanze na mpangilio, majina yafuate.

Anza na namba atomia, yaani idadi ya protoni zilizomo katika kiini cha atomi. Jedwali lote limepangwa kwa namba hiyo, kutoka 1 ya haidrojeni hadi 118 ya oganesoni, bila kuruka hata moja. Atomi isiyo na chaji huwa na elektroni sawa na protoni zake, na elektroni hizo hukaa katika maganda yanayokizunguka kiini: ganda la kwanza hubeba 2, la pili 8, na katika elementi 20 za mwanzo la tatu halizidi 8. Sodiamu, yenye namba 11, huandikwa 2:8:1. Yasome maandishi hayo kwa utulivu. Tarakimu ni tatu, kwa hiyo sodiamu imo katika mstari wa tatu. Ya mwisho ni 1, kwa hiyo imo katika kundi la kwanza, yaani safu wima ya kwanza, na huitoa elektroni hiyo moja inapoungana na nyingine. Magnesiamu ni 2:8:2, hivyo hutoa mbili. Klorini ni 2:8:7, hivyo hupungukiwa moja tu ili ganda lake la nje litimie, na kwa sababu hiyo magnesiamu moja huhitaji klorini mbili za kupokea elektroni zake.

Chukua karatasi tupu, andika namba 1 hadi 20 pamoja na mpangilio wa elektroni wa kila moja, kisha iweke kila elementi katika mstari na kundi lake bila kutazama kitabu. Heliamu peke yake itakusumbua, kwa kuwa ina elektroni 2 lakini hukaa juu ya neoni na argoni, si juu ya magnesiamu. Ganda lake limejaa, na ndiyo sababu haiungani na wenzake. Usishtuke pia vitabu vinapotofautiana katika kuhesabu makundi. Vingine hutumia namba za Kirumi, ambapo klorini imo katika kundi la VII, na vingine hufuata utaratibu wa kimataifa wa makundi 18, ambapo klorini ileile imo katika kundi la 17.

Mahali ambapo nimeona alama nyingi zikipotea ni katika swali la wepesi wa kuungana ndani ya kundi, kwa sababu metali na simetali huenda kinyume. Kipande cha sodiamu hutunzwa ndani ya mafuta ya taa, na mwalimu akikikata kwa kisu, uso wake hung'aa kwa muda mfupi tu kabla ya kufifia kwa kushikwa na hewa. Kipande kidogo kikitiwa majini huyeyuka na kuwa kitone cha mviringo kinachokimbia huku na huko juu ya maji. Lithiamu, iliyo juu yake, hutoa mapovu kwa utaratibu zaidi. Potasiamu, iliyo chini yake, huwaka papo hapo kwa mwali wa zambarau. Kazi ya metali hizi ni kutoa elektroni, na kadiri unavyoshuka maganda huongezeka, elektroni ya nje huwa mbali zaidi na kiini, na kuitoa huwa rahisi zaidi. Klorini na wenzake kazi yao ni kuvuta elektroni, na umbali uleule huwadhoofisha. Kwa hiyo florini iliyo juu kabisa ndiyo kali kuliko zote, na iodini iliyo chini ni pole kuliko klorini. Mwanafunzi aliyeielewa sababu hii moja hahitaji kukariri sheria mbili.

Swali jingine zuri, ambalo ningependa liulizwe mara nyingi zaidi, ni kwa nini argoni hutangulia potasiamu ilhali uzito wake wa atomi ni mkubwa zaidi, 39.9 kwa 39.1. Dmitri Mendeleev wa Urusi alipochapisha jedwali lake mwaka 1869 alitumia uzito, na bado alikuwa na ujasiri wa kuacha nafasi wazi kwa elementi ambazo hazijagunduliwa. Galiamu ilipatikana mwaka 1875 na jemaniamu mwaka 1886, zikiwa na tabia zinazokaribiana sana na alizozitabiri. Teluriamu aliitanguliza mbele ya iodini, ingawa ni nzito zaidi, kwa sababu tabia zao zilidai hivyo. Sababu yenyewe ilipatikana mwaka 1913, pale Mwingereza Henry Moseley alipopima miali ya eksirei ya elementi mbalimbali na kuonyesha kwamba kinachopanda hatua kwa hatua ni chaji ya kiini. Potasiamu ina protoni 19 na argoni 18, na hapo swali huisha.

Baada ya namba 20 mistari hurefuka. Urefu wake ni 2, 8, 8, 18, 18, 32 na 32, na zile safu mbili zinazochorwa chini ya jedwali ni sehemu halali ya mstari wa sita na wa saba. Zimeshushwa ili jedwali litoshe kwenye ukurasa. Huku hatua ndefu zaidi hupigwa kwa kutumia namba za gesi adimu, yaani heliamu na zilizo chini yake: 2, 10, 18, 36, 54 na 86. Hizo zikariri kweli. Chukua strontiamu, namba 38, ambayo haimo katika zile 20. Imezidi 36 kwa 2, kwa hiyo imo katika mstari wa tano, kundi la pili, moja kwa moja chini ya kalsiamu. Ina elektroni mbili za kutoa, huungana na klorini mbili, na inapoguswa na maji huwa na nguvu kuliko kalsiamu. Mwili nao huichukua kana kwamba ni kalsiamu na kuiweka mifupani, na hilo ndilo linaloifanya strontiamu ya mionzi itokanayo na milipuko ya nyuklia kuwa hatari kiasi hicho. Fanya vivyo hivyo kwa bariamu, namba 56, kisha kwa iodini, namba 53, ambayo imepungukiwa moja kufikia 54.