Umeacha imeili kwenye kikundi cha hobi, sasa boksi limejaa takataka

Aisee meseji zenu wiki hii karibu zote zinafanana, mtu kajiunga na wenzake wanaopenda kitu kimoja, kaacha imeili, baada ya muda anaamka anakuta barua za watu asiowajua. Najibu nilizoweza.

Mama wa maua, Njiro: Niliweka imeili kwenye tangazo la miche yangu ya adenia mtandaoni, sasa kila asubuhi napata mambo ya mikopo na dawa za kupunguza unene. Nani kawapa?

Dada yangu, inawezekana kabisa hakuna aliyewapa. Kuna programu zinazunguka intaneti usiku na mchana kutafuta ile alama ya @, zikiiona zinabeba kilichopo mbele na nyuma yake, basi, hazijui kama ni tangazo la maua au la nyumba. Itoe hapo hata leo, ila iliyoshabebwa hairudi. Fungua imeili ya pili ya mambo ya maua tu, ile ya benki na ya shule ya watoto isionekane popote.

Wa baiskeli, Moshi: Anayetupangia safari alituma ratiba ya kupanda Marangu kwa watu kama sitini, anwani zote zinaonekana. Sasa mmoja wetu anatuuzia bima kila wiki. Nikisema nitaonekana mkorofi?

Sema kaka, wala sio ukorofi. Mwenzio aliweka majina yote kwenye CC, ile sehemu ambayo kila mtu anawaona wenzake, wakati kuna BCC hapo hapo pembeni, ukiweka watu kwenye BCC kila mmoja anapata barua yake bila kuona wengine, ni sekunde tatu tu. Mpigie, mwonyeshe, wengi hawajui kabisa.

Na hili linaniuma kwa sababu nimeliona kwenye makaratasi pia. Kuna mbio nilienda kujiandikisha, karatasi iko juu ya benchi, jina, simu, imeili, umri, mistari kama arobaini, kalamu imefungwa kwa uzi, na kijana mbele yangu katoa simu kapiga picha ukurasa mzima halafu kaondoka zake. Hakuna aliyemuuliza. Mimi niliandika namba ya simu tu nikaacha kile kisanduku cha imeili wazi, na nilikimbia vizuri tu.

Huyo wa bima naye aambiwe, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na moja ya misingi yake ni kwamba taarifa iliyochukuliwa kwa kazi fulani itumike kwa kazi hiyo. Ulitoa anwani upate ratiba ya baiskeli. Akikaidi, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko, ila anza na maneno ya kawaida, mtaendelea kupanda mlima pamoja.

Mzee wa njiwa, Sakina: Kijana wangu, kila nikibonyeza pa kujiondoa ndio zinaongezeka.

Shikamoo mzee wangu. Kama barua inatoka kwa watu uliojiandikisha kwao mwenyewe, bonyeza kujiondoa, watakutoa, tangu 2024 Google inawataka wanaotuma matangazo zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye Gmail waweke njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Ila usiyemjua usimbonyezee chochote na usimjibu hata kumtukana, ukijibu amejua anwani iko hai na yenye mtu. Hao ripoti kama spamu, yaani barua taka, tu. Na mwambie mjukuu akuzimie picha zisijifungue zenyewe, maana nyingine zimewekwa ili zimwambie aliyetuma kwamba umefungua.

Mpiga picha wa ndege, Tengeru: Nimepata imeili ina paswedi yangu kabisa, anadai kanirekodi kwa kamera ya laptop, anataka bitcoin. Silali.

Lala. Usilipe hata shilingi. Hiyo paswedi ni ya zamani, sio? Iliibiwa kwenye tovuti fulani uliyowahi kujiunga, orodha zikauzwa, na yeye anatuma barua hiyo hiyo kwa maelfu akibadilisha paswedi tu, video hana. Ingia tovuti ya Have I Been Pwned, ni ya Troy Hunt, mtaalamu wa usalama wa mitandao wa Australia, ipo tangu 2013 na ni bure, andika imeili yako itakuonyesha ilivujia wapi. Kisha popote ulipotumia paswedi hiyo badilisha, kila sehemu na yake, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya paswedi unaombwa na kithibitisho kingine, kama namba inayokuja kwenye simu yako. Fanya usiku huu huu, usisubiri wikiendi.

Bila jina, Arusha: Nitajuaje nani kauza imeili yangu?

Kama ni Gmail, unapojiandikisha ongeza alama ya kujumlisha na neno, mfano jinalako+ndege@gmail.com. Barua zitafika kwako kama kawaida, na siku takataka ikija kwa anwani yenye +ndege umeshajua ilitokea wapi. Sehemu chache zinakataa hiyo alama, hapo tumia ile imeili ya pili.