Maswali na Majibu: Nani huhesabu samoni wachanga wanaovuka mabwawa ya umeme?

Katika safu iliyopita nilitaja, kwa kupita tu, kwamba mabwawa ya kufua umeme ya mto Columbia nchini Marekani hupimwa pia kwa idadi ya samoni wachanga wanaovuka wakiwa hai, na kwamba kiwango kilichowekwa kwa kila bwawa ni asilimia 96. Wasomaji kadhaa wa hapa Dar es Salaam wameandika, na wengi hawaamini kwamba jambo kama hilo linaweza kupimwa. Nimechagua maswali machache na kuyafupisha.

Samoni tunamjua kama samaki wa baharini. Mabwawani anafuata nini? (Msomaji, Kinondoni)

Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi kutaga katika mto alikozaliwa. Samoni wa aina ya Chinook waliozaliwa katika vijito vya milimani vya jimbo la Idaho hushuka kwa mto Snake, wakaingia Columbia na hatimaye Bahari ya Pasifiki, wakiwa bado wadogo wa sentimita kumi hivi. Njiani wanakutana na mabwawa manane: Lower Granite, Little Goose, Lower Monumental na Ice Harbor katika mto Snake, halafu McNary, John Day, The Dalles na Bonneville katika Columbia. Bonneville ilianza kazi mwaka 1938, na Lower Granite, ya mwisho kati ya hizo, mwaka 1975. Ngazi za samaki, yaani vidimbwi vya maji vilivyopangwa kama vipandio, ambazo watu huzipiga picha ni za wakubwa wanaopanda. Mdogo anayeshuka ana njia tatu: kupita ndani ya mtambo, kumwagika na maji ya ziada kwenye milango ya juu, au kuelekezwa na wavu wa chuma kwenye mfereji wa pembeni.

Shikamoo mwalimu. Mto ni mpana, samaki ni maelfu kwa maelfu, na maji hayaonyeshi kitu. Huyo anayesema "asilimia kadhaa wamepona" amewaona wapi? (Mwanafunzi, Kigamboni)

Marahaba. Hili ndilo swali lililonifanya niandike safu hii, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Hakuna anayewahesabu wote. Wanachukuliwa baadhi, wanatiwa alama, wanaachiwa juu ya bwawa, na hesabu inafanywa kwa wale watakaoonekana huko chini. Alama zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza ni chipu ya kioo yenye urefu wa milimita 12 hivi, inayoingizwa tumboni kwa sindano. Haina betri, hupata nguvu kutoka kwenye antena inapopita karibu nayo, ikajibu kwa namba yake, kama kadi unayoigusisha getini unapovuka feri yako ya Kigamboni. Kwa kuwa haina betri, hudumu maisha yote ya samaki, na samoni aliyetiwa chipu akiwa mchanga husomwa tena miaka kadhaa baadaye anapopanda ngazi akiwa mkubwa. Udhaifu wake ni kwamba lazima apite karibu sana na antena, na ndiyo maana kwa miaka mingi antena nyingi zilifungwa kwenye mifereji ya pembeni. Alama ya pili ni kidude chenye betri kinachotoa milio isiyosikika na binadamu, ambayo vinasa sauti vilivyozamishwa mtoni hupokea kutoka umbali wa mita nyingi. Hicho humpata samaki popote alipopita, hata ndani ya mtambo, lakini betri yake huisha na bei yake ni kubwa zaidi.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme umeachia samaki 1,000 juu ya bwawa, na chini yake una vituo viwili vya kusomea, A na, mbele zaidi, B. Kituo A kimesoma samaki 744. Ukisema waliosalimika ni asilimia 74.4, umekosea, kwa sababu wapo waliopita A wakiwa hai bila kusomwa. Utawajuaje? Kwa kutumia B. Kama B imesoma samaki 400, na 320 kati yao walikuwa wamesomwa pia na A, basi A hunasa asilimia 80 ya samaki hai wanaoipita. Gawa 744 kwa 0.8 upate 930. Makadirio ya waliofika A wakiwa hai ni asilimia 93. Misingi ya hesabu hii iliwekwa na wanatakwimu: Cormack mwaka 1964, kisha Jolly na Seber mwaka 1965, nayo hutumika kwa ndege na wanyama wa porini vilevile.

Bado hujamaliza, kwani vifo hivyo 70 si vyote vya bwawa. Wengine wamefia kwenye kipande cha mto kati ya bwawa na A. Kwa hiyo huachiwa kundi jingine mara tu baada ya bwawa. Likifika A kwa asilimia 97, unagawa 0.93 kwa 0.97, na bwawa lenyewe linabaki na takriban asilimia 96. Watafiti waangalifu huachia pia samaki waliokufa wakiwa na vidude vya sauti, ili kuhakikisha kwamba mzoga hausukumwi na maji hadi kituoni ukahesabiwa kuwa mzima. Mimi ripoti isiyotaja jambo hilo huisoma kwa mashaka.

Mtambo unaoweza kuwasha taa za jiji si unamsaga samaki? (Msomaji, Tabata)

Mara nyingi humwacha mzima, ingawa si salama. Mitambo ya mabwawa hayo manane mingi ni ya aina ya Kaplan, mikubwa sana, na huzunguka chini ya mara 100 kwa dakika, hivyo samaki mdogo anaweza kupita katikati ya mapangaboi bila kuguswa. Hatari isiyoonekana ni shinikizo la maji. Samaki anayeingia kutoka kina kirefu amezoea shinikizo kubwa. Akivuka mapangaboi, shinikizo linaanguka ghafla, hewa iliyo ndani ya bondo inatanuka, na bondo linaweza kupasuka. Wengine hutoka wakiwa hai lakini wamelewalewa, na hapo ndege na samaki wakubwa huwasubiri.

Milango ya kumwagia maji kwa kawaida ni njia bora zaidi, ila nayo ina bei yake: maji yanayoporomoka hubeba hewa hadi chini kabisa, gesi inazidi majini, na samaki hupata viputo katika damu na matamvua. Ndiyo maana kiasi cha gesi hupimwa saa zote, na kila lita inayomwagwa ni lita isiyofua umeme.

Asilimia 96 ni alama ya juu kabisa. Malalamiko ni ya nini? (Mhandisi mstaafu, Upanga)

Mzee wangu, piga hesabu ya manane. Ukizidisha 0.96 kwa yenyewe mara nane, unabaki na 0.72. Yaani hata kila bwawa likifaulu, samaki 28 katika kila 100 hawamalizi safari. Nacho kiwango hicho, kilichowekwa mwaka 2008, ni cha wanaoshuka majira ya kuchipua. Kwa Chinook wadogo zaidi wa kiangazi kiliwekwa asilimia 93, ambayo kwa mabwawa manane inakupa takriban 56.

Tena kiwango hakihesabu ziwa lililo nyuma ya kila bwawa, ambako maji hutulia na kupata joto, safari hurefuka, na samaki aitwaye pikeminnow hula wadogo kwa wingi, kiasi kwamba tangu 1990 upo mpango wa kuwalipa wavuvi wanaomvua. Ukijumlisha yote, Chinook wa Snake wanaofika chini ya Bonneville wakiwa hai mara nyingi huwa karibu nusu. Mlangoni mwa mto, katika kisiwa cha East Sand, watafiti hukusanya chipu kwa maelfu kutoka kwenye makoloni ya ndege. Nyingine ni za samaki waliovuka mabwawa yote wakaliwa mwishoni.

Lipo pia suala la vifo vya baadaye: samaki aliyechoshwa na mabwawa anaweza kufia baharini, mahali ambapo hakuna antena. Wataalamu wanabishana sana kuhusu ukubwa wa vifo hivyo. Kwa maoni yangu kipimo cha kuaminika zaidi ni wangapi wanarudi wakubwa. Lengo lililowekwa katika bonde hilo ni asilimia 2 hadi 6 ya walioshuka.

Kwa nini wasiyabomoe tu? (Msomaji, Mbezi)

Kwingine nchini Marekani wamebomoa: mawili ya mto Elwha kati ya 2011 na 2014, na manne ya mto Klamath, kazi iliyokamilika 2024. Manne ya Snake yana uwezo wa takriban megawati 3,000, ingawa wastani wa mwaka ni karibu theluthi yake, na majahazi ya ngano hupita humo. Mabishano yanaendelea.

Haya yanatuhusu nini sisi wa Rufiji na Pangani? (Msomaji, Mbagala)

Samoni hatuna. Tuna mikunga wa jenasi ya Anguilla, na safari yao imegeuzwa: huzaliwa Bahari ya Hindi, hupanda mito wakiwa wembamba na wadogo, hukaa humo miaka mingi, kisha wakubwa hushuka kutaga. Hivyo anayeshuka kuelekea kwenye mtambo si samaki wa sentimita kumi bali mkunga anayeweza kukaribia mita moja, na kadiri mwili unavyokuwa mrefu ndivyo uwezekano wa kupigwa na panga unavyoongezeka. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, lina kimo cha zaidi ya mita 130, ilhali katika mabwawa ya Snake niliyoyataja maji hushuka takriban mita 30 tu. Asilimia 96 ya Columbia, kwa hiyo, haiwezi kuazimwa na kubandikwa Rufiji. Mbinu inaweza kuazimwa: chipu ileile hufanya kazi kwa mkunga, na hesabu ya A na B haijali ni samaki gani. Ila kwetu itabidi kupima pande zote mbili, wadogo wanaopanda na wakubwa wanaoshuka.

Samoni wa dukani naye ana chipu? Nikiimeza? (Msomaji, Masaki)

Samoni wengi wanaouzwa duniani ni wa kufugwa, hasa Norwei na Chile, wala hawajawahi kuona bwawa la umeme. Kwa wale wa Columbia, chipu hukaa kwenye uwazi wa tumbo, nayo kwa kawaida hutoka pamoja na matumbo samaki anapopasuliwa.