Bia ya rai ya Bavaria: ushauri kwa anayetaka kuipika nyumbani

Watu wanaotaka kupika Roggenbier, yaani bia ya rai ya huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, huniuliza zaidi swali moja: wapunguze rai hadi kiasi gani ili uji wa kimea usizibe chujio? Ushauri wangu ni kwamba wasiishushe chini ya nusu ya kimea chote. Rai, nafaka ya jamii ya ngano inayookewa mikate myeusi ya Wajerumani, ndiyo inayoipa bia hii uzito wake mdomoni, povu lake zito na ladha ya mkate yenye ukali wa viungo. Ukitia rai asilimia 10 au 15 unaweza kupata bia tamu sana, lakini itakuwa bia ya shayiri iliyoonjeshwa rai. Ni afadhali kuikubali rai kama ilivyo na kujiandaa kwa usumbufu wake tangu siku ya kununua kimea.

Bia hii ina historia inayostahili heshima. Katika Bavaria ya zamani watu walipikia bia nafaka waliyokuwa nayo, na rai ilikuwemo. Tarehe 23 Aprili 1516, watawala wawili ndugu, Wilhelm IV na Ludwig X, walitangaza huko Ingolstadt kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na maji tu. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba ngano na rai zilitakiwa zibaki kwa waokaji mikate. Bia ya ngano ilinusurika kwa sababu watu wa tabaka la juu walipewa kibali maalumu cha kuipika, lakini rai haikupata mtetezi wa namna hiyo. Ilirudi sokoni mwaka 1988, pale kiwanda cha bia cha Schierling, mji mdogo ulio karibu na Regensburg, kilipoanza kuiuza tena. Kwa hiyo mtindo tunaoupika leo unaifuata bia nyeusi ya ngano ya Bavaria karibu hatua kwa hatua, isipokuwa mahali pa ngano imewekwa rai.

Shida ya rai inatokana na umbile lake. Punje ya shayiri ina ganda, na ganda hilo hubaki kwenye uji na kutengeneza chujio la asili. Punje ya rai haina ganda. Isitoshe, kuta za seli zake zina beta-glukani na pentosani, yaani aina za nyuzinyuzi, kwa wingi, nazo zikiingia kwenye maji ya moto hufyonza maji na kuvimba, hata uji ukavutika kama mlenda. Mpikaji anayelijua hili hufanya mambo matatu: hutia makapi ya mpunga, huupa uji muda kwenye joto la chini, na huhakikisha kwamba haupoi wakati wa kuchuja.

Kwa lita 20 za bia mimi hutumia kilo 2.5 za kimea cha rai, kilo 1.5 za kimea cha shayiri cha aina ya Munich na gramu 800 za kimea cheupe cha pilsner. Mchanganyiko huu hutoa maji matamu (maji yaliyochujwa kutoka kwenye uji wa kimea) yenye uzito wa karibu 1.050 kwenye haidromita, kifaa kinacholinganisha uzito wake na wa maji ya kawaida, na bia yake huwa na kilevi cha asilimia 5 hivi. Saga rai peke yake, ukiwa umebana zaidi mashine ya kusagia, kwa maana punje zake ni nyembamba na ngumu kuliko za shayiri, na ukizisaga pamoja nyingi zitapita bila kupasuka. Usisage hadi ikawa unga, kwa sababu unga wa rai ndani ya sufuria hugeuka gundi. Makapi ya mpunga, gramu 300 hadi 400, yaoshe vizuri kwa maji ya moto ili yasiache ladha ya vumbi, kisha yachanganye na kimea mwanzoni kabisa. Ukisubiri hadi chujio lizibe ndipo uyatie, utakuwa umechelewa.

Hatua ya kuloweka kimea kwenye maji ya moto ndiyo inayotaka umakini kuliko zote. Tumia maji mengi kidogo, lita 4 kwa kila kilo ya kimea, na uanze na joto la nyuzi 44 za Selsiasi kwa dakika 20. Joto hilo lina faida mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, vimeng'enya vinavyovunja beta-glukani hufanya kazi vizuri hapo, na vitakufa baadaye joto likipanda. Pili, asidi ya feruliki hutolewa kutoka kwenye nafaka, na chachu ya Kibavaria huigeuza kuwa kemikali yenye harufu ya karafuu. Msomaji wa Unguja au Pemba ataitambua harufu hiyo mara moja, ingawa hakuna karafuu hata moja iliyotiwa.

Kutoka hapo panda hadi nyuzi 63 na ukae dakika 35, kisha nyuzi 72 dakika 25, halafu nyuzi 77 kwa kumalizia. Zamani wapikaji wa Bavaria walipandisha joto kwa kuchota sehemu ya uji mzito, kuichemsha pembeni na kuirudisha, na njia hiyo huleta ladha nzuri ya ganda la mkate. Ukiitumia, usiondoe mwiko kwenye sufuria hata kidogo, maana uji wa rai hushika chini upesi, na bia iliyopata harufu ya kuungua haina dawa. Anayeanza simshauri njia hii. Kimea cha Munich kitampa ladha inayokaribiana nayo bila hatari hiyo.

Sasa kuchuja. Baada ya uji kutulia dakika 15, fungua bomba kidogo tu, kiasi cha maji kutoka kama uzi mwembamba. Maji ya kwanza yatakuwa na rangi ya udongo na utelezi unaousikia ukiyasugua kati ya vidole. Yarudishe juu taratibu hadi yaanze kung'aa kidogo. Usitarajie yang'ae kabisa, kwani bia ya rai ni ya ukungu kwa asili yake. Ukifungua bomba kwa pupa, uzito wa maji utayakandamiza machicha hadi yawe tabaka lisilopitisha kitu. Likizuka hilo, funga bomba, kata machicha kwa kisu kirefu kwa mistari ya kukatizana bila kugusa chini, yaache yatulie, kisha uanze upya polepole. Maji ya kusuuzia machicha yawe ya nyuzi 76 hadi 78, na chombo ukifunike kwa blanketi, kwa sababu uji wa rai ukipoa huzidi kuwa mzito. Tenga saa mbili kwa kazi hii na usipange shughuli nyingine.

Kuchemsha hakuna mengi. Dakika 75 zinatosha, pamoja na gramu 30 za hopsi za Hallertau zenye asidi ya alfa, ile inayoleta uchungu, ya asilimia 4, zitiwe dakika 60 kabla ya kuzima moto. Uchungu uwe wa chini, nao wala harufu ya hopsi visiifunike rai.

Chachu ni jambo ambalo sibadilishi. Tafuta chachu ya bia ya ngano yenye asili ya Weihenstephan, sehemu ya mji wa Freising huko Bavaria. Ndiyo inayotoa harufu ya ndizi pamoja na ile ya karafuu. Tofauti na mbege ya Wachagga, ambayo hupikwa kwa ndizi zenyewe, hapa ndizi ni kazi ya chachu peke yake. Ukichachusha kwa nyuzi 17 au 18, harufu hizo mbili hulingana. Ukivuka 22, ndizi hutawala na rai hupotea, jambo ambalo kwangu ni hasara kubwa. Acha theluthi moja ya chombo wazi, kwa sababu povu la chachu hii hupanda kwa nguvu, na uzito wa rai hulifanya likatae kushuka.

Usitie bia kwenye chupa kabla kipimo cha haidromita hakijabaki vilevile kwa siku tatu mfululizo. Bia hii hupendeza ikiwa na gesi nyingi, na gramu 8 za sukari kwa lita huipatia gesi hiyo. Wapikaji wa Bavaria wenye kushika desturi hutumia badala yake maji matamu yaliyohifadhiwa siku ya kupika, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya bia; yagandishe kwenye friji na kuyachemsha tena kabla ya kuyatia. Kwa vyovyote, tumia chupa nene za nusu lita zenye kizibo cha kubana, zilizotengenezwa kwa bia, kwani chupa nyembamba hupasuka kwa shinikizo hili na vipande vyake huumiza watu. Ziweke wiki mbili kwenye joto la chumbani, kisha uzihamishie kwenye baridi zikiwa wima, na uzinywe ndani ya miezi miwili au mitatu, maana karafuu na ndizi hufifia mapema kuliko rai.