Maneno ya habari na sura ya nchi: maswali ya wasomaji

Redio ikisema "wimbi la wakimbizi" kuna ubaya gani? (Msomaji, Kasulu)

Ubaya upo, ndugu yangu. Wimbi halina mama wala mtoto. Ukilisikia unawaza kujikinga tu. Mei 2015, Warundi makumi ya maelfu walijazana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakisubiri meli ya MV Liemba iwalete Kigoma mjini. Kipindupindu kikazuka. Ukiandika "wakimbizi waleta kipindupindu" umeshahukumu. Ukiandika "kipindupindu chazuka Kagunga, maji safi na vyoo havitoshi" umetaja chanzo, na mganga anajua pa kuanzia. Tena kichwa kile cha kwanza kinafunika jambo la heshima kwa Tanzania: watu walipokelewa, meli ikapiga safari, na Nyarugusu, kambi ya tangu 1996, ikabeba watu juu ya watu. Msomaji wa mbali atalijuaje hilo kama sisi wenyewe hatuliandiki?

Kwa hiyo tufiche mabaya? (Ujiji)

Hapana! Ugonjwa utajwe, mahali patajwe, idadi itajwe. Ukificha, watu wanazidi kunywa maji machafu.

"Kigoma mwisho wa reli" ni dharau? (Mwanga)

Reli ilifika hapa 1914, na kwa anayetoka Dar es Salaam huu ndio mwisho wake. Lakini mfanyabiashara anayeshuka bandarini akitokea Bujumbura au Kalemie, reli yake inaanzia hapa. Habari zetu nyingi huandikwa kwa macho ya Dar es Salaam, ndiyo maana mkoa wenye bandari ya kuhudumia nchi jirani unasomeka kama pembe iliyosahaulika.

Nimezaliwa Ulyankulu, nina uraia, bado magazeti yananiita mkimbizi. (Tabora)

Pole sana. Hapo mwandishi amekosea ukweli, si adabu tu. Waliokimbia Burundi 1972 na watoto wao, zaidi ya 160,000 kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walipewa uraia kwa mujibu wa sheria. Hao ni Watanzania. Wahariri wenzangu, nawaomba jambo moja: kijana wa Ulyankulu akikamatwa na mkataka kuandika asili yake, jiulizeni kama mngeiandika pia siku anapoongoza darasa. Kama msingeiandika siku hiyo, ifuteni. Na kabla mahakama haijamtia hatiani, mwiteni "mtuhumiwa". Katiba, ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji.