Wamechukua kinyama kwenye titi, sasa nasubiri: maswali yenu na majibu yetu

Barua za titi zimekuwa nyingi, na nyingi haziulizi kuhusu ugonjwa. Zinauliza kuhusu siku zile za katikati, kinyama kikiwa maabara na majibu hayajatoka. Tumechagua nne. Majina tumeyaacha.

Shikamooni. Nina miaka 41, nauza mitumba soko la Kilombero hapa Arusha. Wiki iliyopita nilichomwa sindano titi la kushoto, wakatoa vinyama vinne, nikaambiwa nisubiri wiki mbili. Tangu hapo simu ikiita kwa namba nisiyoijua mikono inatetemeka. Usiku naushika uvimbe kuangalia kama umekua, na naona kama umekua. Mume wangu anasema nimwachie Mungu. Namwachia, lakini saa tisa usiku niko macho. Je, wakichelewa ndiyo dalili kwamba ni kansa? (Mama wa watoto watatu, Ngaramtoni)

Marahaba mama, na pole sana. Tuanze na hilo linalokunyima usingizi: kuchelewa kwa majibu hakusemi chochote kuhusu kilichoandikwa ndani yake. Kukijua kinyama chako kilipo sasa kutakusaidia kuliko kuambiwa "usiogope".

Vile vinyama, kila kimoja chembamba kama kipande cha tambi, vilitumbukizwa kwenye kichupa chenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10. Humo vinatakiwa vikae si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Vikitolewa mapema vinaharibika, na vikikaa mno vipimo vya homoni vinaweza kutoa jibu la uongo. Baadaye vinapitishwa kwenye alkoholi ili maji yatoke, kisha kwenye kimiminika kiitwacho zailini, halafu vinazamishwa kwenye nta iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi kama 60. Mara nyingi mashine hufanya kazi hiyo usiku kucha. Asubuhi mtaalamu wa maabara anapata kibonge cha nta chenye nyama ndani, anakikata vipande vya unene wa maikroni 3 hadi 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), anavilaza kwenye kioo na kuvitia rangi: viini vya seli vinageuka zambarau, sehemu nyingine zinakuwa waridi. Hapo ndipo daktari wa patholojia anapoketi kwenye hadubini kusoma.

Isipokwama popote, kazi yote hiyo ni ya siku chache. Siku zinazobaki zinaliwa na foleni na njia. Wataalamu wa patholojia ni wachache nchini, na kinyama kilichochukuliwa kwenye zahanati au hospitali isiyo na maabara hiyo lazima kisafirishwe, pengine hospitali ya KCMC pale Moshi, pengine Dar es Salaam. Fomu ikiwa haisemi titi gani, au jina la kwenye kichupa likitofautiana na la kwenye fomu, maabara inasimama hadi daktari aulizwe. Bili isipokamilika, sampuli inaweza kukaa bila kuguswa. Na kuna wakati msomaji anaagiza vipande vingine au rangi maalumu ili awe na uhakika. Hilo hutokea hata pasipo na saratani: kifua kikuu cha titi, kwa mfano, kina rangi yake ya kukitafuta.

Kwa hiyo usikae unakisia, fuatilia. Andika kwenye daftari majina yako yote matatu kama yalivyo kwenye faili, namba ya faili, tarehe uliyochomwa, titi lipi, na namba ya maabara ukiweza kuipata. Kisha piga au nenda kliniki uulize maswali haya tu: Je, sampuli imefika maabara? Imeshasomwa, au inasubiri kitu, na kitu gani? Majibu nitapewa na nani, siku gani? Ukipata namba ya kliniki, ihifadhi kwenye simu kwa jina. Tangu hapo namba ngeni zinarudi kuwa za wateja wako wa mitumba. Na ukiitwa uje mwenyewe, usilichukulie kama hukumu. Kliniki nyingi hazisomi majibu ya kinyama kwenye simu, yawe mazuri au mabaya.

Wiki mbili ulizopewa ni za kawaida, na hazitaharibu tiba yako, iwe itahitajika au la. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba tangu mwanamke anapofika kituoni na uvimbe hadi ugonjwa kujulikana, zisizidi siku 60. Lakini tarehe yako ikipita kimya, nenda siku ya pili yake. Tunalisisitiza hili kwa moyo wote, kwa sababu wapo wanaosema "wangekuwa wameona kitu wangenipigia" na kukaa miezi minne, na kumbe majibu yamelala kwenye faili na namba ya simu iliandikwa vibaya. Hospitali kukaa kimya hakumaanishi uko salama, wala hakumaanishi unaumwa.

Utasoma mitandaoni kwamba wanawake 4 kati ya 5 wanaochukuliwa kinyama hukutwa hawana saratani. Takwimu hiyo ni ya Marekani, ambako wengi hupelekwa kwa sababu ya kivuli kilichoonekana kwenye mamografia (picha ya eksirei ya titi), uvimbe wenyewe haujashikika. Kwetu wengi hufika uvimbe ukiwa tayari unashikika, kwa hiyo hatutakupa hesabu hiyo kama dawa ya kukutuliza. Tunachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba uvimbe wa titi una sababu nyingi zisizo saratani: faibroadenoma (kivimbe kigumu kisicho saratani), vifuko vya maji, mafuta yaliyokufa baada ya kugongwa, uambukizo.

Sasa usiku. Acha kuushika uvimbe. Sindano iliacha damu iliyovilia ndani, na damu hiyo inaweza kulifanya eneo lionekane kubwa na gumu kwa siku kadhaa. Ukilibonyeza kila usiku linauma na kuvimba zaidi, na vidole vyako vinakuletea habari za uongo. Daktari atalipima.

Hofu usishindane nayo saa tisa usiku. Ipe saa yake mchana: dakika 20, tuseme saa 11 jioni ukishafunga biashara, kaa uandike kila unachokiogopa, hata ada ya shule na nani atalea watoto. Ikija usiku, iambie kesho saa 11. Siku za mwanzo inaonekana haifanyi kazi, lakini ukiendelea hofu inazoea ratiba. Ukiamka, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe polepole kwa hesabu ya 6, kwa dakika tano hivi. Kutoa pumzi kwa urefu ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo usivute kwa nguvu, utapata kizunguzungu. Chai ya rangi na kahawa ziishie saa 8 mchana. Usinunue diazepamu, dawa ya kutuliza, duka la dawa: inalevya, mwili unaizoea, na siku ya majibu unahitaji akili yako yote. Usingizi ukikataa kabisa, au ukaanza kuwaza heri ufe, usingoje tarehe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo useme hivyo hivyo.

Na sokoni endelea kwenda. Mumeo naye mpe kazi inayoonekana: akusindikize siku ya majibu, na akiona umeamka usiku aamke akae nawe, bila kukupa mawaidha. Sala haizuiwi na lolote kati ya haya. Habari hii waambie watu wawili au watatu tu. Wengine wakiuliza, "bado tunasubiri, nitawaambia" inatosha.

Mimi ni wa Marangu. Nimetolewa kinyama juzi, titi limekuwa jeusi hadi karibu na kwapa. Mama mkwe anataka nilikande kwa maji ya moto. Na ng'ombe wanangoja majani, nani atakata?

Weusi huo ni damu iliyovilia chini ya ngozi. Utageuka kijani, kisha njano, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja hadi mbili. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba maji ya moto yasubiri: joto hupanua mishipa na damu huvuja zaidi. Siku mbili za mwanzo ni baridi. Barafu au maji ya baridi sana ndani ya mfuko, zungushia kitambaa, weka dakika 10 hadi 15, toa, rudia baada ya saa moja au mbili. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Vaa sidiria inayoshika vizuri, mchana na usiku.

Kwa maumivu, paracetamol za miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6, visizidi vinane kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini amuulize daktari kwanza. Diclofenac, ibuprofen na aspirini ziache siku hizi, zinaweza kuongeza kuvuja damu. Ila kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumuuliza aliyekuandikia.

Majani akakate mtu mwingine kwa siku tatu. Mzigo wa majani kichwani au mkungu wa ndizi unakaza misuli ya kifua iliyo chini ya kidonda, na ndipo damu inapoanza upya. Ndoo ya lita 20 vivyo hivyo. Kupika na kufagia hakuna shida. Kama unanyonyesha, endelea.

Rudi kituoni haraka ukiona titi linazidi kuvimba na kukaza, damu haikatiki baada ya kugandamiza dakika 15 bila kuachia, homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, au wekundu unaosambaa. Ukibanwa na pumzi, usisubiri hata saa moja.

Nimepangiwa kuchukuliwa kinyama wiki ijayo hapa Moshi. Majirani zangu wa Pasua wanasema kansa ikiguswa na chuma inasambaa, na wanataja watu waliokufa baada ya kuchomwa. Nighairi?

Usighairi. Wale watu majirani waliwaona kweli, hatusemi wanasema uongo. Lakini angalia mpangilio wa mambo: mwanamke anakaa na uvimbe mwaka mzima, anaanza kwa dawa za kienyeji, anafika hospitali titi likiwa na kidonda na ugonjwa umeshafika kwenye mapafu au mifupa. Anachomwa sindano, na baada ya miezi anafariki. Jirani anakumbuka sindano kwa sababu ndiyo aliyoishuhudia. Mwaka ule wa kukaa kimya haukuwa na shahidi. Wanawake waliochomwa sindano wamefuatiliwa kwa miaka mingi na haijaonekana kwamba kipimo hicho kinafupisha maisha yao. Kutibu bila kinyama ndiyo hatari, maana daktari hajui anapigana na nini: hakuna dawa inayochaguliwa kwa kuangalia titi kwa nje.

Uliza ni sindano ipi. Nyembamba hutoa seli tu. Nene hutoa vipande vya nyama, na ndiyo inayotosha kupima homoni. Ukichomwa nyembamba na jibu likasema hakuna saratani, wakati uvimbe ni mgumu, haucheziki na ngozi imevutwa ndani, omba ya nene. Jibu la maabara lazima likubaliane na mkono wa daktari na picha. Yasipokubaliana, kipimo kinarudiwa.

Mama yetu ana miaka 67, yuko Machame. Majibu yake ni wiki ijayo. Tumekubaliana watoto tupewe sisi, yeye aambiwe ni jipu. Tukifika tuulize nini? (Kijana wake, Arusha)

Ndugu, tunaelewa mnataka kumkinga. Lakini majibu ni yake, na daktari hapaswi kuwapa ninyi kabla yeye hajaridhia. Tena uongo wa jipu hauna maisha marefu: akifika kliniki ya saratani atasoma kibao, au mgonjwa wa jirani kwenye benchi atamuuliza yuko hatua ya ngapi. Muulizeni mapema, kabla ya siku yenyewe: "Mama, majibu yakitoka ungependa kusikia yote mwenyewe, au mmoja wetu asikie kwanza?" Wazee wengine watasema msikie ninyi. Huo ni uamuzi wake, uheshimuni, na amwambie daktari kwa kinywa chake.

Aende na mtu mmoja anayeweza kuandika, si ukoo mzima. Kama si saratani, ulizeni ni uvimbe wa aina gani, unatolewa au unaangaliwa, na arudi lini. Kama ni saratani, ulizeni aina yake, na kama kipimo cha vipokezi vya homoni na HER2 (protini kwenye seli za saratani), kinachosaidia kuchagua dawa, kimeshafanyika. Mara nyingi hicho hufuata baadaye na kina kusubiri kwake, kwa hiyo msishangae mkiambiwa mrudi. Ulizeni pia gharama yake na kama bima inalipa. Mkiona gredi 3 kwenye karatasi, msidhani ni hatua ya tatu. Gredi ni jinsi seli zinavyoonekana kwenye hadubini, kuanzia 1 hadi 3. Hatua ni ugonjwa umefika wapi mwilini, na hiyo hujulikana baada ya vipimo vingine.

Ombeni nakala ya majibu, na mhakikishe maabara inatunza vibonge vya nta. Mkihamishiwa hospitali nyingine, iwe Ocean Road au kwingine, vibonge hivyo vinaweza kupelekwa huko na mama asichomwe tena. Na tarehe ya kliniki inayofuata iandikwe kwenye kadi kabla hamjatoka chumbani.