Maswali ya Wasomaji: Opera kwa Sikio la Taarab

Swali: Tangu utoto wangu ni taarab asilia, na nikisikia kanuni tu najua anayepiga ni nani. Juzi nimefungua opera kwenye simu, nikaona mwanamke anapiga ukelele na neno hata moja sikulishika. Nakosea wapi? (Msomaji, Mkunazini)

Jibu: Anza kwa kuilaumu simu. Opera ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Mwimbaji wake haimbi kwa kipaza sauti, na mbele yake kuna okestra nzima. Nguvu kubwa ya okestra iko kwenye hezi 500 hivi (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde; zikizidi, sauti huwa nyembamba). Mwimbaji aliyefundishwa, khasa mwanamume, hukusanya nguvu ya ziada karibu na hezi 3,000, pahala ambapo okestra ni dhaifu na sikio la binadamu ni jepesi mno. Hapo ndipo sauti moja inapopenya vyombo vyote vile. Sasa spika ndogo ya simu hutoa vizuri huo ukali wa juu, lakini besi haina. Vyombo vinene vinapotea, unabakiwa na ukelele.

Tumia hedifoni za waya au spika yenye besi, na feni uizime kama joto linaruhusu. Tena opera ina minong'ono na ina vishindo. Ukipandisha sauti kwenye minong'ono, baadaye utaruka kitini. Tafuta kwanza pahala penye kishindo, weka sauti inayokupendeza, kisha usiiguse tena.

Kuhusu maneno, usione haya. Soprano, yaani mwanamke wa sauti ya juu, akipanda juu sana, irabu kama *i* na *u* haziwezi kubaki zilivyo. Hulazimika kufungua mdomo ili sauti itoke, na irabu zote huelekea kwenye *a*. Hata Mtaliano mwenyewe hashiki kila neno. Ndiyo maana mwaka 1983 huko Toronto walianza kuonesha tafsiri juu ya jukwaa, na nyumba nyingi za opera zikafuata. Kwenye taarab tunalifumbua fumbo huku wimbo unakwenda. Kwenye opera soma tafsiri kwanza, ndipo usikilize.

Sisi tungekuanzishia *La Bohème* ya mtunzi Mtaliano Puccini, iliyooneshwa mara ya kwanza Turin mwaka 1896. Ina sehemu nne, na muziki wake wote hautimii saa mbili. Usiku wa kwanza chukua sehemu ya kwanza peke yake, dakika 35 hivi. Rodolfo ni mshairi fukara. Jirani yake, Mimì, anabisha hodi kwa sababu mshumaa wake umezimika, kisha ufunguo unamponyoka. Wanapapasa sakafuni gizani mpaka mikono inakutana. Hapo Rodolfo anaimba "Che gelida manina", yaani kimkono hiki kilivyo baridi. (Ni Paris, usiku wa kuamkia Krismasi, kwenye chumba cha darini kisicho na moto wa maana. Msomaji wa Unguja itabidi aikisie tu hiyo baridi.)

Wimbo huo haufiki dakika tano kwa waimbaji wengi. Karibu na mwisho, kwenye neno *speranza*, yaani tumaini, tenor (mwanamume wa sauti ya juu, kama huyu Rodolfo) hupanda hadi noti ya do ya juu. Usikilize kwenye rekodi ya Jussi Björling ya mwaka 1956, halafu ya Luciano Pavarotti ya mwaka 1972. Angalia mambo mawili: anavuta pumzi wapi kabla ya kupanda, na akishafika juu sauti imetulia au inayumba? Wapo tenor wanaoshusha wimbo mzima nusu toni ili wasiikabili do hiyo. Si kosa, ila ukishajua utaanza kuwategea.

Usirukie sehemu ya nne. Huko Mimì anakufa kwa kifua kikuu, na anayarudia maneno yale yale ya mkono wa baridi, kwa sauti ile ile. Aliyeiruka ya kwanza atasikia mgonjwa anaimba, basi.

Swali: Opera nzima inakula bando kiasi gani? (Msomaji, Wete)

Jibu: Sauti tupu, kwa kilobiti 128 kwa sekunde, ni kama MB 58 kwa saa. *La Bohème* yote haizidi MB 115. Kwa kilobiti 320 zidisha mara mbili na nusu. Video ni balaa, ipakue penye Wi-Fi. Jambo moja: opera hukatwa vipande vipande, kwa hiyo zima ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo, ama sivyo Mimì atazikwa kabla hajapoteza ufunguo.

Swali: Nina safari ya Ulaya na mwenyeji wangu ataniingiza opera. Nikipendezwa, naweza kutunza? (Bibi mmoja, Chake Chake)

Jibu: La, bibie, noti zako zibaki mkobani. Huku kwetu unainuka na kumfuata mwimbaji katikati ya ubeti. Kule hakuna anayeinuka. Kwa opera za watunzi Verdi na Puccini unapiga makofi wimbo mkubwa ukimalizika na okestra ikanyamaza. Kwa zile za mtunzi Mjerumani Wagner subiri mpaka sehemu nzima iishe. Mwanamume huitiwa *bravo*, mwanamke *brava*, wakiwa wengi *bravi*. Na fika mapema: milango ikishafungwa, mara nyingi aliyechelewa hungoja nje mpaka mapumziko.